Kupiga hodi kwenye klabu ya wenyewe: namna ya kupanga raundi ya mgeni

Nilikuwa kedi, yaani mbeba fimbo za gofu za watu, misimu sita kabla sijawa na fimbo zangu. Baadaye nikaingizwa ofisini kwa katibu wa klabu ile ile, nikakaa miaka mitatu nikifungua barua za watu walioomba kuja kucheza. Ilikuwa klabu ya wanachama pekee, ya zile ambazo getini hakuna hata kibao cha jina. Leo mimi ndiye ninayeziandika hizo barua, na mara nyingi jibu linakuja ndiyo.

Ninaandika haya kwa ajili ya mchezaji wa kawaida mwenye hamu ya kukanyaga uwanja ambao amekuwa akiuona pichani tu, na ambaye ameshajiaminisha kwamba mlango ule haumhusu. Mara nyingi unamhusu. Unangoja hodi tu, na hodi ina namna yake ya kupigwa.

Anza kwa kujua ni klabu ya aina gani. Hizi klabu binafsi hazifanani. Zipo ambazo mgeni haingii ila ameshikwa mkono na mwanachama. Augusta National, iliyoko Georgia, Marekani, iliyoasisiwa na Bobby Jones na Clifford Roberts na kufunguliwa mwaka 1933, ndiyo inayojulikana zaidi kwa hilo: hakuna siku ya wageni, hakuna pa kulipia. Anakualika mwanachama, basi. Ukimwandikia katibu wa klabu kama hiyo unapoteza muda wako na wake.

Lakini zipo nyingine zenye sifa ya kujifungia, kumbe wageni wanaingia kila wiki. Muirfield, kule Scotland, ni makao ya Honourable Company of Edinburgh Golfers, chama kilichoandika kanuni 13 za gofu mwaka 1744. Ni chama kigumu kubadilika: kura ya kuwaruhusu wanawake kuwa wanachama ilipita mwaka 2017. Ukisikia hayo unaweza kudhani hapaingiliki. Hata hivyo, kwa miaka mingi wamekuwa wakipokea wageni Jumanne na Alhamisi, na aliyeomba mapema akatimiza masharti amecheza uwanja ule ule ambao mchezaji Phil Mickelson alishindia shindano kubwa la The Open mwaka 2013. Kwa hiyo usihukumu kwa ukimya wa geti. Soma ukurasa wa wageni kwenye tovuti yao neno kwa neno. Kama hakuna ukurasa huo, piga simu uulize swali moja tu: "Je, klabu ina utaratibu wa kupokea wageni wasio na mwenyeji?" Swali hilo linajibika kwa ndiyo au hapana, na aliyepokea simu hahisi kama unamsukuma.

Wakisema hapana, bado kuna njia. Muulize katibu wa klabu yako kama mna makubaliano ya kupokeana na klabu nyingine. Orodha hizo huwa zinakaa kwenye droo bila mtu kuziulizia. Angalia pia kama klabu unayoitamani ina shindano la wazi hata mara moja kwa mwaka, maana klabu nyingi zilizojifungia hufungua siku moja au mbili kwa wachezaji wa nje wenye handikapu, yaani namba ya mikwaju ya ziada anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake. Njia nyingine ni minada ya hisani, ambapo mwanachama hujitolea nafasi ya wachezaji watatu watakaocheza naye. Nisichokushauri kabisa ni kumtafuta mwanachama usiyemjua mtandaoni na kumwomba akualike. Mwanachama ndiye anayebeba mzigo wa tabia ya mgeni wake. Unamwomba aweke jina lake rehani kwa mtu asiyemjua, na wengi huchukia.

Sasa barua. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapokwama.

Nilipokuwa ofisini, barua niliyoipanga kwenye rundo la "ndiyo" ilikuwa na sura moja karibu kila mara. Ilikuwa fupi na ilinipa kila nilichohitaji bila kunilazimu kuandika tena kuuliza. Barua za rundo jingine zilikuwa ndefu: mwandishi anaeleza cheo chake, kampuni yake, viwanja vikubwa alivyowahi kucheza, na mwisho hasemi wanakuja wangapi. Nakumbuka moja ya kurasa tatu. Niliisoma yote nikitafuta tarehe. Haikuwamo. Katibu aliniambia, "Mtu asiyejua siku anayoitaka hataijua saa ya kuanza." Ilirudi kwa jibu la adabu kwamba nafasi zimejaa.

Mimi huandika hivi:

"Kwa Katibu wa Klabu,

YAH: OMBI LA KUCHEZA KAMA WAGENI, MWEZI MEI

Tunaomba nafasi ya wachezaji wanne, raundi moja ya mashimo 18, siku yoyote ya wageni kati ya tarehe 11 na 22 Mei. Tutaanza saa yoyote mtakayotupangia. Sote ni wanachama wa klabu moja. Handikapu zetu ni 9.6, 14.2, 17.8 na 21.0. Vyeti vimeambatanishwa pamoja na barua ya utambulisho ya katibu wetu. Tutatembea kwa miguu, na tunaomba makedi wawili kama watakuwapo. Mwenzetu mmoja ana tatizo la goti. Kama kigari kinaruhusiwa kwa sababu za kiafya, tunaomba kujua utaratibu wake. Ikiwa tarehe hizo zimejaa, tuko tayari kusubiri hadi Septemba.

Wenu katika gofu,"

Halafu majina manne, namba ya simu ya mmoja, basi. Angalia sentensi ya mwisho kuhusu Septemba. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikinifanya nihangaike kumtafutia mtu nafasi, kwa sababu nilijua ninashughulika na mtu anayetaka kucheza hapa, si mtu anayejaza safari. Kuhusu idadi, wanne ndiyo rahisi kupangika. Nane maana yake ni makundi mawili yanayofuatana, na hapo ofisi inaanza kuwafikiria wanachama watakaosubiri nyuma yenu. Ukiwa peke yako sema hivyo, na useme utafurahi kuunganishwa na yeyote. Peke yako una nafasi nzuri kuliko unavyodhani.

Omba mapema. Kwa viwanja vyenye jina kubwa, mwaka mzima kabla si mapema kupita kiasi. Na kabla hujathibitisha tarehe, uliza jambo ambalo wageni wengi hawaliulizi: wiki gani grini, zile sehemu za nyasi fupi zenye shimo, zitatobolewa? Watunza uwanja hutoboa grini kwa mashine, wakang'oa vidonge vyembamba vya udongo na kujaza mchanga, ili mizizi ipate hewa na maji yapite. Ni kazi ya lazima, lakini kwa wiki mbili au zaidi mpira unaruka-ruka kwenye grini kama unapita juu ya ungo. Nimeona watu waliosubiri miezi kumi na mmoja wakifika siku ya tatu baada ya kutoboa. Hakuna aliyewadanganya. Hawakuuliza tu.

Kuhusu handikapu, usijitutumue na usijishushe. Mfumo wa dunia ulioanza mwaka 2020 umefanya namba yako isomeke popote, na juu yake imewekewa kikomo cha 54.0. Lakini klabu nyingi za aina hii huweka kikomo chao cha chini zaidi kwa wageni, na hawapindishi. Chukua cheti kipya, si picha ya skrini ya mwaka jana. Kisha nyumbani, kabla ya safari, piga hesabu ya uwanja huo. Zidisha handikapu yako kwa namba ya mteremko wa uwanja (Slope Rating, si mteremko wa ardhi), gawanya kwa 113, kisha chukua kipimo cha ugumu wa uwanja (Course Rating), toa idadi ya mikwaju ya kawaida (par), na uongeze jibu lake. Mwenye 14.2 kwenye uwanja wa mteremko 139, kipimo 73.4 na mikwaju ya kawaida 72, anapata 18.87, yaani 19. Karibu mikwaju mitano zaidi ya aliyoizoea kichwani. Ukilijua hilo mapema, shimo la nne halikuvunji moyo, na hutabishana na wenzako pale mwanzoni huku watu wanawangojea.

Na chagua alama za mbele, zile za kuanzia kila shimo zilizo karibu zaidi. Klabu nyingi hazimruhusu mgeni kupigia kutoka nyuma kabisa, na hata zikiruhusu, mimi siombi. Uwanja umechorwa ili mashimo yake yafikike. Ukipigia kutoka mbali kuliko nguvu zako, unaishia kuuona kutoka kwenye nyasi ndefu.

Mavazi nitayapitia haraka, kwa kuwa kila klabu huyaandika. Shati lenye kola lililochomekwa, suruali ya heshima, kofia inavuliwa ukipita mlangoni. Uliza kama chumba cha kulia kinadai koti na tai, na uvibebe hata wakisema havihitajiki. Viatu vya gofu usibadilishie kwenye buti la gari. Kuna chumba cha kubadilishia, na pale kwetu waliobadilishia nje walionekana kutoka dirishani mwa katibu. Simu izimwe, siyo kuwekwa kwenye mtetemo. Ukitaka picha, uliza kwanza, na usimpige mwanachama.

Siku yenyewe fika saa moja kabla. Watu hudhani saa hiyo ni ya kupasha misuli. Dakika kumi zitatosha kwa hilo. Zilizobaki zina kazi. Kajitambulishe ofisini, lipa ada, chukua kadi ya alama na usome kanuni za pale nyuma yake. Kisha nenda kwenye grini ya mazoezi. Usipige kwenye shimo. Piga mipira mirefu mitatu minne kutoka ncha hadi ncha, uone inasimama wapi, kwa kuwa kasi ya grini ndiyo itakayokushangaza kuliko chochote. Wageni niliowabebea walikuwa wakipoteza mikwaju minne mitano kwenye mashimo matatu ya kwanza kwa sababu hiyo moja.

Kama klabu ina makedi, chukua mmoja. Ninajua ninatetea wenzangu hapa, na ninawatetea kwa moyo wote. Pale mwanzo mwambie mambo matatu: handikapu yako, umbali unaopiga kwa fimbo namba 7, na kama unapenda kuongea au kunyamaza. Basi. Kedi mzuri akishaujua umbali huo mmoja, fimbo nyingine zote anazikadiria mwenyewe. Akikupa mstari wa kupigia kwenye grini, uamini japo macho yako yanakataa. Ameshauona mpira ukipita hapo mara elfu. Na ukikosea, usimgeukie. Mwaka wangu wa pili nilibeba begi la mgeni aliyenitazama kwa hasira baada ya kila mkwaju mbaya, mashimo kumi na manane. Sikumficha kitu, lakini kuanzia shimo la sita nilikuwa najibu nilichoulizwa tu, na kwenye uwanja ule yaliyo muhimu ni yale ambayo mgeni hajui kuyauliza.

Kwenye fimbo, kikomo ni 14, na nakusihi zihesabu begi likiwa bado nyumbani. Beba mipira ya kutosha. Beba uma wa kurekebishia grini.

Huo uma ndio ningependa ubaki nao akilini. Mpira ukianguka kwenye grini kutoka juu unaacha kishimo, ukubwa wa sarafu, ukingo mmoja umeinuka. Wengi huchomeka uma chini yake na kuinua katikati. Ukifanya hivyo unakata mizizi, na pale panakufa, panabaki kovu la kahawia kwa wiki kadhaa. Fanya hivi: piga goti moja. Chomeka uma nje kidogo ya ukingo, kwenye nyasi nzima, kisha sukuma nyasi kuelekea katikati, kama mtu anayefunga mdomo wa mfuko. Zunguka, sukuma tena, mara nne au tano, mpaka kishimo kimejifunga. Gonga taratibu kwa sehemu bapa ya fimbo ya kusukumia. Pitisha kiganja. Kama kiganja hakihisi kitu, umemaliza. Kisha rekebisha kimoja ambacho si chako. Pale kwetu mtunza uwanja mkuu alikuwa akipita jioni, na alijua kundi gani la wageni lilikuwa limepita kabla hata hajaambiwa. Katibu alikuwa akimuuliza yeye, siyo mimi, kama watu wale warudi.

Kwenye vile vikwazo vya mchanga vivyo hivyo: ingia upande wa chini, toka ulipoingilia, sawazisha nyayo zako kwa reki.

Kuhusu kucheza kwenyewe, kosa kubwa la mgeni si kupiga vibaya. Wanachama wanapiga vibaya kila siku. Kosa ni kuchelewesha. Kanuni zinapendekeza mkwaju usizidi sekunde 40 tangu zamu yako ifike, na tangu mwaka 2019 muda wa kutafuta mpira ni dakika 3, siyo 5 tena. Kama una shaka mpira umepotea, piga wa akiba hapo hapo kabla hamjaondoka. Aliye tayari apige, hata kama si aliye mbali zaidi. Acha begi upande wa grini unaoelekea shimo linalofuata, na alama mkaandikie huko mbele, siyo mkiwa mmesimama kwenye grini huku kundi la nyuma linawatazama. Mikwaju yako ikishafika idadi ambayo zaidi yake haihesabiwi kwenye handikapu, okota mpira, tembea na wenzako, ufurahie mandhari. Macho yako yawe kwa kundi la mbele. Swali si kama mmewaacha walio nyuma. Swali ni kama mmewapoteza walio mbele.

Klabu nyingine zina desturi ya kucheza wawili wawili kwa mpira mmoja, mkipokezana kupiga. Mwenyeji akikualika mcheze hivyo alasiri, kubali, hata kama hujawahi. Raundi inakwenda kasi, unazungumza na mwenzako njia nzima, na unaonyeshwa uwanja kwa namna ambayo wenyewe wanaupenda. Jambo moja tu la kukumbuka: usiombe radhi kwa kila mkwaju uliomwachia mwenzako mahali pabaya. Mwombe mara moja pale mwanzo kwa yote yatakayotokea, kisha chezeni.

Baada ya shimo la 18 vua kofia, mpe kila mmoja mkono, mlipe kedi mwenyewe kwa mkono wako na umtaje kwa jina lake. Andaa fedha taslimu kwa ajili yake kabla hujafika, maana klabu nyingi hazina pa kuzitolea, na ndani huenda wasipokee taslimu kabisa. Kama ulialikwa na mwanachama, huenda usiruhusiwe kulipia chochote ndani. Usivutane naye mbele ya wahudumu. Mkaribishe kwenu. Oga, vaa koti, kaeni. Wageni wanaokimbilia gari mara tu mpira wa mwisho ukiingia wanakosa nusu ya siku: hapo mezani ndipo mwanachama mzee atakapokueleza kwa nini ule mti wa shimo la kumi na moja haujakatwa.

Ndani ya wiki moja andika barua ya shukrani kwa katibu. Kwa mkono, ukiweza. Taja shimo moja ulilolipenda na sababu, mtaje kedi wako, watajie watunza uwanja grini zao. Mistari sita inatosha. Nilipokuwa ofisini barua hizi nilizibandika kwenye ubao wa matangazo karibu na kabati la funguo, ambapo makedi walipita asubuhi wakichukua zamu. Mwezi wa nane mwaka wangu wa mwisho pale zilikuwa kumi na moja. Ombi jipya lilipoingia, katibu alikuwa akiinua macho kwenye ubao kwanza, akitafuta jina.